Simu Gani Tumnunulie Mtoto?

Juma lililopita baba mmoja wa mtaa wa Hewa Bora alitujia na swali. Binti yake anaingia chuo kikuu, na akiba ya nyumba yatosha simu moja tu. Sokoni ameonyeshwa mbili za bei moja: iPhone 6 iliyokwisha tumika Ulaya, na Tecno mpya ndani ya sanduku lake. "Mwalimu, nichukue ipi?"

Tulimjibu kwa mfano wa lupango. Lupango wa kwanza una ukuta mrefu na lango moja. Ndiyo iPhone: Apple huunda simu na programu inayoiendesha, na tangu mwaka 2008 programu nyingine hupita katika duka lake baada ya kukaguliwa. Mwivi hupata taabu kuingia. Lakini mwenye nyumba naye hapati ruhusa ya kutoboa dirisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ilibidi sheria iilazimishe Apple, mwaka 2024, kukubali maduka ya wengine.

Lupango wa pili una milango mingi. Ndiyo Android ya Google: kiini chake ki wazi, kila kiwanda chaweza kukichukua na kukibadili bila malipo. Kwa hiyo simu mpya za bei nafuu zimewafikia hata wachuuzi wetu. Lakini penye milango mingi hupita wengi. Mwaka 2020 wachunguzi wa Upstream walikuta programu mbaya, jina lake Triada, ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana na kwingineko. Ilikula salio la watu pasipo wao kujua. Kampuni ilisema iliingizwa na mtu wa kati bila yenyewe kufahamu.

Je, ukuta mrefu ndio bora? Kwa ulinzi, naam. Nayo Apple hutengeneza simu zake kuukuu kwa miaka mingi kuliko viwanda vingi vya simu rahisi. Lakini miaka hiyo ina mwisho, na ukuta ukifungwa hakuna fundi wa mtaani awezaye kuufungua. iPhone 6 ni ya mwaka 2014. Tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi ndani yake. Binti angepokeaje masomo ya wenzake? Tena simu iliyofungwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza ni jiwe tu mkononi.

Basi tulimshauri achukue ile mpya, kwa sharti moja: binti asipokee programu za kupeana mkono kwa mkono, ila zile za duka la Google. Uhuru wa milango mingi wadai mlinzi, na mlinzi huyo ni mwenye simu.

Nawe msomaji, kabla ya kutoa fedha, washa simu mbele ya mwuzaji. Ikidai jina na neno la siri la mtu mwingine, mrudishie. Rahisi isiyofanya kazi ni ghali.