Hekalu la msituni liko ushago, tusingoje life

Fungua Instagram leo hutakosa kijana wa Nairobi amesimama mbele ya hekalu la Ta Prohm kule Kambodia, mizizi ya miti imezikaba kuta za mawe kama chatu. Picha kali, sibishi. Mfalme Jayavarman VII alilijenga mwaka 1186, msitu ukalimeza, na sasa watu wanavuka bahari kulitazama. Tiketi ya siku moja Angkor ni dola 37, zaidi ya shilingi 4,500. Nauli ya ndege tusiitaje.

Pesa ni yako, tembea dunia. Lakini kama kwenu ni Kitui au Makueni, hebu niambie: ithembo la kijiji chenu liko wapi?

Kwa wasiojua, ithembo ni mahali patakatifu pa Wakamba. Halina kuta wala sanamu. Ni miti mikubwa, mara nyingi mkuyu au muumo, ambapo wazee, wake kwa waume, walipeleka chakula, pombe na mbuzi kuomba mvua. Kukata mti hapo ni mwiko. Mwiko huo ulifanya kazi ambayo leo tunawaachia askari wa misitu.

Na si mathembo tu. Makueni kuna kilima cha Nzaui, ambako masimulizi yanasema Mulungu aliwaweka Wakamba wa kwanza, na nyayo zao zingali mwambani. Kitui kuna jiwe la Nzambani, lile unaloambiwa ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Hilo la Nzambani tunalijua kwa sababu lina kichekesho. Ithembo halina kichekesho, kwa hivyo tumelisahau.

Tatizo ni kwamba hekalu la mawe likisahauliwa miaka 400, utalikuta. Hekalu la miti likisahauliwa mwaka mmoja, linaweza kuwa magunia ya makaa kando ya barabara. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa sababu ukataji miti ulikuwa umezidi. Marufuku ni sawa, lakini shamba lenye ithembo likirithiwa na mtu asiyejua maana yake, atakachoona ni mbao na kuni.

Najua kuna wale watasema hizo ni ibada za mashetani. Bana, nani amekuambia uende kuomba? Wakristo na Waislamu wanaingia Angkor Wat, wanafunika mabega na magoti kwa heshima, wanapiga picha, wanarudi nyumbani na dini zao. Heshima haibadilishi imani ya mtu.

Wengine watasema tukileta wageni tutapaharibu. Hapo wana hoja. Sitaki kuona kibanda cha soda chini ya muumo. Lakini tazama Wamijikenda: misitu yao ya kaya iliingia kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008, na wazee wa kaya wangali na sauti juu ya nani anaingia na anafanya nini. Kulinda si lazima kuwe kuuza tiketi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaruhusu mahali kama hapa patangazwe na kulindwa. Kaunti za Kitui na Makueni zikae na wazee, ziorodheshe mathembo yaliyobaki, na yale ambayo wazee wataridhia yaombewe ulinzi huo.

Sisi nasi tuna kazi. Desemba wengi tunapanda matatu kwenda ushago kula nyama na kulala. Safari hii muulize susu wako mvua iliombewa wapi. Omba ruhusa umrekodi kwa simu. Akikubali mwende, nenda naye, na ukiambiwa usipige picha, weka simu mfukoni. Kambodia itakungoja. Susu hatakungoja milele.