Kijana wa Mwanza, Shika Sindano Ufume

Naomba leo tuweke pembeni siasa na bei ya sangara, tuzungumze kuhusu glavu. Ndiyo, glavu! Siyo zile za mpira za hospitalini wala za ngozi za mafundi wa kuchomelea vyuma. Nazungumzia glavu za kufuma kwa uzi, zile zinazoanzia kwenye kifundo cha mkono na kuishia pale vidole vinapoanzia. Kiganja kinafunikwa, vidole vinabaki nje.

Najua kuna atakayesema mwandishi kaishiwa habari. Haya, nivumilieni kidogo.

Hoja yangu ni hii: kijana wa Mwanza anastahili kujua kufuma, na kitu cha kwanza kufuma kiwe glavu hizi. Nikisema kijana namaanisha wa kike na wa kiume. Tena nasisitiza wa kiume, maana wa kike akishika sindano na uzi angalau hachekwi.

Swali la kwanza nitakaloulizwa nalijua: "Mwanza na glavu wapi na wapi, na joto hili?" Jamani, joto la saa nane mchana tunalijua wote. Lakini uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumejenga juu ya miamba inayolizunguka. Amka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai uone. Mwulize dereva wa bodaboda anayemshusha mchuuzi wa dagaa Mwaloni Kirumba kabla jua halijachomoza, upepo wa ziwa ukimpiga mikononi. Mwulize mlinzi wa usiku. Mwulize mama wa chai anayesubiri maji yachemke. Halafu mwulize mtoto wa Nyamagana aliyepangiwa chuo Mbeya au Iringa, akafika huko akakuta vidole haviwezi kushika kalamu.

Watu wote hao wanahitaji vidole. Dereva anakamata breki na klachi, mchuuzi anahesabu chenji, mlinzi anabonyeza simu. Glavu inayofunika mkono mzima atakuwa anaivua kila dakika mbili mpaka ipotee. Hii ya vidole wazi inabaki mkononi. Tusidanganyane lakini: haimkingi dereva akianguka, wala haizuii upepo mkali kama ngozi. Na mvuvi asiivae akiwa anavuta nyavu, maana uzi wake unanasa. Ni ya baridi ya kawaida tu, na hiyo tunayo.

Sasa tuje kwenye hilo la kuchekwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Nenda mwalo wowote wa ziwa hili mchana, wakati mitumbwi imepumzika. Utakuta wanaume wamekaa chini, miguu wameinyoosha, nyavu zimetandazwa mapajani. Mkononi kuna sindano ya nyavu yenye uzi. Anatafuta tundu, anakata ncha mbovu, anapitisha uzi, anafunga fundo, anakwenda jicho linalofuata. Macho ya wavu lazima yalingane, la sivyo samaki anapita. Inaweza kumchukua siku nzima. Wanaume hao wana misuli ya kuvuta makasia na hakuna anayewauliza kwa nini wanafanya kazi ya kike.

Rudi mjini. Kwenye baraza za maduka utawakuta mafundi cherehani, na wengi ni wanaume. Anampima mteja, anakata kitambaa, anashona gauni la harusi na kulitia marinda. Tunamwita "fundi" kwa heshima, na tunamlalamikia akichelewesha tu.

Haya, mchukue kijana yuleyule, mpe sindano mbili na uzi wa sweta, mkalishe nje ya nyumba yao Mabatini. Dakika tano haziishi atakuwa ameshapewa jina. Kwa nini? Uzi ni uzi. Wa nailoni ukishikwa na mwanaume ni kazi, wa sweta ukishikwa na mwanaume ni kichekesho. Mimi mantiki hiyo sijaiona.

Wapo wanaosema huo ndio utamaduni wetu. Utamaduni upi? Kufuma kwa sindano mbili hakukutoka kwa mababu wa Usukuma wala Ukerewe. Kulikuja na wageni, na kukafundishwa kwa mpango wao: wavulana wapewe useremala na uashi, wasichana wapewe sindano na jiko. Misheni zilifundisha hivyo, na vilabu vya wanawake vilivyoenezwa Tanganyika na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 viliendelea na mtindo huohuo wa kushona, kupika na kulea. Sisemi kina mama hawakufaidika, walifaidika sana. Ninachosema ni kwamba mgawanyo huo tuliletewa, tukauzoea, sasa tunautetea kana kwamba tuliukuta kwenye matambiko.

Na huko duniani siyo wote wanaofikiri hivyo. Kule Peru, katika Ziwa Titicaca, kuna kisiwa kinaitwa Taquile. Ni watu wa ziwa kama sisi, ila wao wako mita zaidi ya 3,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi yao siyo ya mzaha. Huko wanaofuma kofia za sufu kwa sindano ni wanaume. Mvulana anaanza kufundishwa akiwa mdogo, na kofia anayovaa mwanaume inaonyesha kama ameoa au bado. Wanawake nao wanafuma vitambaa kwenye mitambo ya mkono. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza sanaa hiyo ya Taquile kuwa urithi wa binadamu wote, na mwaka 2008 ikaingizwa kwenye orodha yake rasmi. Mwanaume wa Taquile akija kutembea Ukerewe na sindano zake, sisi ndio tutakaomshangaa, na yeye atatushangaa tunachoshangaa.

Mtauliza: kwa nini glavu, kwa nini siyo sweta? Kwa sababu anayeanza anahitaji kitu atakachokimaliza. Wangapi mmeona begi chini ya kitanda lina sweta lililoishia kwapani? Wangapi walianza vitambaa vya makochi, wakafuma viwili, kochi la tatu likabaki uchi mpaka leo? Glavu ni ndogo. Gramu 100 za uzi wa unene wa kati zinatosha jozi moja ya mtu mzima na nyingine inabaki. Ukikosea umepoteza jioni moja, unafumua, unaanza upya na uzi uleule. Na ukimaliza moja, ya pili inakuwa mtihani wako: je, zinafanana?

Ngoja niwaeleze jinsi inavyofanyika, msije mkasema mwandishi anaongea tu. Unahitaji sindano mbili za kufumia zenye unene wa milimita 5 hivi, yaani nyembamba kuliko penseli. Ukizikosa, vijiti viwili vya mwanzi vilivyochongwa na kulainishwa vizuri kwa msasa vinafanya kazi hiyo.

Funga kitanzi kimoja kwenye sindano ya mkono wa kushoto. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi hicho, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungushia uzi kwenye ncha hiyo, uuvute utokee mbele ya kitanzi. Umepata kitanzi kipya. Kirudishe kwenye sindano ya kushoto, endelea hivyo mpaka ufikishe idadi unayotaka. Hapo umeanzisha kazi.

Kufuma kwenyewe ni tendo lilelile: ingiza, zungusha, vuta. Tofauti ni moja tu. Safari hii kitanzi kipya kinabaki kwenye sindano ya kulia, na kile cha zamani unakiachia kidondoke kutoka ya kushoto. Ukimaliza mstari, geuza, badilisha mikono, anza tena. Kila mstari ni hivyohivyo, na ndiyo maana nasema mtu anaweza kujifunza jioni moja.

Vitanzi vingapi? Hapa ndipo hesabu inapoingia. Fuma kipande kidogo cha majaribio, kilaze bila kukivuta, pima kwa rula. Tuseme umekuta sentimita 10 zina vitanzi 18. Zungusha utepe kwenye kiganja chako chini ya vidole, bila kuhesabu dole gumba. Tuseme ni sentimita 20. Kufuma kunavutika, kwa hiyo punguza sentimita 2 ili glavu ishike mkono: zinabaki 18. Mara 1.8 unapata 32 na kidogo. Anzisha vitanzi 32. Kila baada ya mistari michache hesabu tena. Ukikuta 33 umeongeza bila kujua, ukikuta 31 kuna kimoja umekiangusha.

Fuma mpaka kipande kifikie urefu wa sentimita 18. Kufunga kazi, fuma vitanzi viwili, cha kwanza ukivushe juu ya cha pili kidondoke. Kinabaki kimoja, fuma kingine, vusha tena, mpaka mwisho. Kata uzi, upitishe ndani ya kitanzi cha mwisho. Kunja kipande mara mbili na ushone ubavu: kuanzia upande wa kifundo shona sentimita 9, acha tundu la sentimita 5 la dole gumba, malizia sentimita 4 za juu. Glavu hiyo hapo! Kushoto na kulia zinafanana, hakuna ya kugeuza.

Angalieni kilichofanyika hapo. Mtoto amepima, amegawanya, amezidisha, amekagua kazi yake mwenyewe, na jibu lake akilikosea hasubiri alama nyekundu ya mwalimu. Mkono wake mwenyewe unamwambia: inabana, inapwaya. Ukitaka kumfundisha uwiano mtoto anayeuchukia ubaoni, njia ni hii.

Sasa kuhusu pesa, maana najua wengine mmeshaanza kupiga hesabu ya mradi. Sitawadanganya kwamba glavu zitawatajirisha. Kwenye mitumba glavu za kiwandani zipo, na huwezi kushindana na bei zake. Tena uzi mwingi tunaouziwa madukani ni wa akriliki kutoka nje. Unakauka haraka, lakini ukiguswa na moto unayeyuka na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo anayekaa na jiko la mkaa awe mwangalifu. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba sisi ndio tuko katikati ya nchi ya pamba. Tunailima Usukuma nzima, tunaichambua mbegu, halafu sehemu kubwa inakwenda nje ikiwa bado marobota. Mji wa pamba unafuma kwa uzi wa kuagiza! Hilo nalo siku moja tulijadili peke yake.

Faida ninayoiona mimi ni nyingine. Anayejua kufuma anajua kuziba. Sweta la shule likitoboka kiwikoni hasubiri mwakani, analiokoa. Soksi, kofia ya mtoto mchanga, yote yanamhusu. Na anajifunza jambo ambalo vijana wa simu tunalipungukiwa: kukaa na kitu kimoja mpaka kiishe.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zimwandae mtoto kwa maisha anayokwenda kuyaishi. Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika, na sekondari ikapata mkondo wa amali. Vizuri sana. Lakini tukiishia kwenye majengo na mashine kubwa tutawasubirisha watoto wengi. Sindano mbili na uzi zinaingia kwenye begi la daftari. Mwalimu mmoja anayejua anaweza kukaa na darasa chini ya mwembe. Sharti langu ni moja: wasitenganishwe. Wavulana wasiambiwe wakafyeke majani wakati wasichana wanafuma. Na siku ya nyavu, wasichana nao wafundishwe fundo la wavu.

Nawaomba kina mama mnaojua kazi hii: mwiteni na mtoto wa kiume akae karibu. Nawaomba wazee wa mialoni: mnaposhona nyavu zenu, mwambieni kijana anayemcheka mwenzake kwamba na ninyi mnashika sindano. Akiwabishia, mpeni wavu uliotoboka aushone yeye, tuone.

Naomba kutoa hoja. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tubishane kwa heshima.