Imani ya Mtu Hubadilika

"Imani ya mtu huwezi kuibadili." Huku Runazi, wilayani Biharamulo, utayasikia maneno haya msibani, kwenye mikutano ya kitongoji, hata kwa watumishi waliokwisha kukata tamaa. Husemwa kwa upole, kana kwamba ni heshima. Mimi nayapinga, kwa sababu mkoa wetu wa Kagera ulishayakanusha zamani.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika hapa Kagera. Watu walikonda, waliharisha, wakafa, na ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa kwa magendo mpakani. Upande wa Uganda, pale Kasensero, wapo waliokuwa na hakika kwamba wamerogwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Huku nako wengi walisema ni uchawi. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na maiti mbele yao, kipimo hawana.

Hata hivyo, hakika yao haikuwa maarifa. Mtu anaweza kuwa na hakika peke yake, moyoni. Anayesema anajua lazima aonyeshe kitu ambacho hata jirani mbishi anaweza kukikagua. Kama ugonjwa ule ulikuwa kisasi cha aliyedhulumiwa, mbona ulimchukua mtoto mchanga ambaye hajawahi kununua wala kuuza hata kipande cha sabuni? Mbona matapeli wengine walizeeka salama? Kipimo cha damu kikajibu. Kisha, kuanzia 2004, zikaanza kutolewa dawa za ARV bila malipo, na mtu aliyebebwa kwa machela akarudi kupalilia migomba yake, majirani wakimwona. Hakuna hotuba ingeweza kufanya kazi hiyo.

Tukaja kujaribiwa tena Januari 2025, safari hii Biharamulo. Tarehe 16 Wizara ya Afya ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi vya Marburg. Tarehe 20 Rais Samia akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Wapo wanaoona aibu katika kubadilika huko kwa kauli. Mimi naona ndivyo inavyopasa: kipimo kimeleta jibu jingine, kauli imelifuata. Mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamekufa, 8 kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Sisemi imani ndiyo iliyowaua. Nasema virusi hivyo hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa maiti, kwa hiyo familia inayomwosha marehemu kwa mikono mitupu huku ikimtafuta mchawi imo hatarini saa hiyohiyo. Jirani anayejua hilo akanyamaza, eti kila mtu na imani yake, hajaiheshimu familia hiyo. Ameitelekeza.

Wala simgusi Mungu wa mtu. Padri na shehe wanaweza kumwombea marehemu bila kumshika.

Wenyeviti wa vitongoji, wazee wa koo, na ninyi waganga wa tiba asili ambao mara nyingi wagonjwa huanzia kwenu: nyumba ikiingiwa na homa kali, kutapika na kutoka damu, msianze kwa kuuliza nani kamroga nani. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji, au pigeni simu namba 199, bila malipo, siku hiyohiyo.