Giaboksi haitelezi, inadanganywa

Kwa wiki tatu nimekuwa nikihangaika na tatizo ambalo halikuwa la kompyuta... au ndivyo nilivyodhani.

Wanaonifahamu wanajua nina Subaru Legacy ya tabo, otomatiki ya gia tano, mtumba kutoka Japani kama magari mengi ya hapa kwetu. Mwaka jana nililiongezea nguvu: bomba pana la kuvuta hewa, ekzosi pana, injekta kubwa, na programu mpya kwenye kompyuta ya injini. Programu iliandikwa na jamaa mmoja ambaye sitamtaja, maana sikuja hapa kugombana. Gari likawa simba. Kwa miezi minne nilijiona Colin McRae mwaka 1997, aliposhinda Safari Rally na Impreza.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa natoka Mombasa nikimrudisha mama nyumbani Wundanyi. Kabla ya kufika Maungu nikakuta lori limepakia hadi juu, linajikokota. Mbele ilikuwa wazi, nikatoka, nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukaruka juu, lakini gari halikwenda! Ni kama mtu anayekimbia kwenye matope. Basi likatokea mbele, dereva akawasha na kuzima taa kama mwendawazimu, nami nikakanyaga breki na kurudi nyuma ya lori. Mama hakusema neno mpaka tulipoingia Voi. Ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si uliniambia gari hili lina mbio?"

Kesho yake nikaenda kwa fundi wangu Voi, mzee aliyefungua giaboksi kabla mimi sijazaliwa. Akavuta kijiti cha oili, akaipaka kwenye karatasi nyeupe, akainusa.

"Kijana, klachi zimeisha. Tafuta giaboksi ya eksi-japani tubadilishe, uende zako."

"Lakini Mghosi, umesema oili haijaungua."

"Oili ni nzuri. Ila wewe mwenyewe umeniambia inateleza."

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Giaboksi ya otomatiki haina klachi moja ya kukanyaga kwa mguu. Ina mafungu ya sahani nyembamba, na kinachozibana zishikane ni shinikizo la oili tu. Zikiteleza kwa muda mrefu zinapata moto, zinaungua, na oili inakuwa nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungulia jikoni. Oili yangu ilikuwa nyekundu na safi. Kama klachi zimeisha, majivu yako wapi?

Wengi hapa wangenunua giaboksi. Mimi pia nilishaanza kupiga simu, na bei niliyotajiwa ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Lakini kazini, mtu akiniambia "programu haifanyi kazi, tununue seva mpya," ninamwomba logi kwanza. Kwa nini gari langu lipate heshima ndogo kuliko seva?

Nikaanza na kale kadude ka Bluetooth kanakochomekwa chini ya usukani. Hakuna hitilafu iliyorekodiwa. Tafadhali msidanganywe na jibu hilo: kompyuta hurekodi makosa iliyofundishwa kuyatambua, basi. Nikatafuta waya maalum na RomRaider, programu huria ya Subaru inayoweza kusoma namba za kompyuta ya injini na za kompyuta ya giaboksi. (Ndiyo, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.)

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nane. Gia ya tatu ya gari langu ina uwiano wa 1.471, difu 3.272, na tairi likizunguka mara moja linasafiri mita 1.96 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, shafti inayoingia kwenye gia inapaswa kuzunguka karibu mara 3,270 kwa dakika. Si zaidi, maana meno ya gia hayabadiliki. Kama umeweka rimu kubwa, pima tairi lako upya, usiazime namba yangu.

Alfajiri moja tulishika barabara ya Mwatate, mimi kwenye usukani, binamu yangu na laptopu mapajani. Gia ya tatu, kilomita 80, nikakanyaga mafuta mlimani. Injini ilisoma 4,000. Shafti ya kuingilia ilisoma 3,750. Tofauti kati ya hizo mbili ni ya konvata, ambayo huteleza kidogo kwa kawaida yake. Watu wengi huilaumu bure. Lakini 3,750 badala ya 3,270? Mizunguko karibu 480 ilikuwa inapotelea ndani ya klachi. Nikiendesha polepole tofauti ilitoweka kabisa. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwamba inateleza. Swali lilibaki: kwa nini inateleza pale tu ninapodai nguvu?

Kompyuta ya giaboksi haina namna ya kupima nguvu ya injini. Inaambiwa na kompyuta ya injini, kisha inaamua ibane klachi kwa shinikizo la kiasi gani. Ikiambiwa nguvu ni ndogo, inabana kidogo. Ni programu mbili zinazoaminiana.

Bahati yangu, kabla ya kumpa jamaa gari nilikuwa nimehifadhi nakala ya programu ya kiwandani. Usiku huo nikaweka faili mbili ubavu kwa ubavu kama ninavyofanya kazini kila siku. Jedwali la ukubwa wa injekta: halijaguswa! Jedwali la sensa ya hewa: limepunguzwa karibu robo, mwanzo hadi mwisho. Nikacheka peke yangu kama mjinga. Injekta kubwa humwaga petroli nyingi, kwa hiyo badala ya kuiambia kompyuta kwamba injekta zimebadilika, jamaa aliidanganya kwamba hewa ni kidogo. Mchanganyiko ukakaa sawa, injini ikanguruma vizuri, mteja akalipa akaondoka. Ila uongo ule haukuishia kwenye petroli. Hewa kidogo maana yake nguvu kidogo, na ndivyo giaboksi ilivyoambiwa.

Nilirudisha injekta za zamani na programu ya kiwandani. Kuteleza kukaisha. Lakini hilo halithibitishi kitu, kwa sababu nguvu nayo ilipungua, na klachi dhaifu pia ingeweza kushika. Kwa hiyo nikarudisha injekta kubwa na nguvu ileile ya tabo, safari hii nikiandika ukubwa halisi wa injekta kwenye jedwali lake, na sensa ya hewa nikaiacha iseme kweli. Mlima uleule, gia ileile: 3,280. Hapo ndipo niliporuka kwenye kiti!

Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi yenu. Anayekuuzia programu ya injini bila kukupa faili na orodha ya alichobadilisha amekuuzia fumbo, hata kama gari linakimbia. Sisi waandishi wa programu tungefukuzwa kazi kwa kubadilisha mfumo wa watu bila rekodi. Kwa nini kwenye gari, ambalo linabeba mama zetu, tunakubali? Na ukinunua gari lililokwisha kuongezewa nguvu, dai faili kabla ya kuuliza habari za rimu. Fundi simlaumu. Aliletewa gari ambalo nusu ya ugonjwa wake imeandikwa mahali ambapo pua haifiki. Oili yake ingekuwa imeungua, ningenunua giaboksi siku hiyohiyo bila kufungua laptopu.

Nilipomwonyesha mzee grafu, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, zile klachi zimelika kiasi gani kwa miezi minne ya kuteleza? Kijiti hakiwezi kusema, logi nayo haiwezi. Tumekubaliana nibadilishe oili sasa na niirudishe aikague baada ya kilomita 1,000. Mama amesema Krismasi atakuja na matatu.