Waifai ikigoma kwenye Ubuntu, usikubali kupigiwa Windows

Wadau, hili nalisema wazi, na fundi mwenzangu atakayenuna anune. Laptop yenye Ubuntu ikikataa waifai, dawa yake siyo kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Hapa Tunduma nimeshaona mtu wa steshenari akifutiwa madeni ya wateja ya miezi mitatu kwa tatizo la dakika kumi. Na hela ya ufundi akatoa.

Wengi tumehamia Ubuntu kwa sababu ya msingi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop nyingi za mtumba hazifikii masharti ya Windows 11. Ubuntu ni bure, huhitaji kukraki kitu.

Tatizo huwa ni aina ya kadi. Kadi za Intel nyingi draiva zake zimo tayari. Zenye kisirani ni za Broadcom: draiva yake siyo huria, kwa hiyo kama hukuweka tiki kwenye programu za ziada wakati wa kuinstoo, haiji. Hapo ndipo mtego ulipo. Draiva iko intaneti, na intaneti huipati kwa sababu huna draiva! Fundi mwenye haraka anakwambia kadi imekufa, anakuuzia kidude cha kuchomeka.

Anza hivi. Fungua terminal, andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi, Dell Latitude za zamani zinayo ubavuni. Ikiwa "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock wifi. Kuna watu wamelipa hela kwa ajili ya swichi tu, jamani.

Kama zote zinasema "no", andika lspci na utafute mstari wa "Network controller". Jina likionekana, kadi ipo hai, kinachokosekana ni draiva. Lisipoonekana kabisa, hapo ndiyo unaweza kuanza kuhisi kadi imelegea au imekufa.

Ikiwa ni Broadcom, chukua simu ya Android yenye bando, iunganishe na laptop kwa waya wa USB, kisha kwenye simu washa "USB tethering". Laptop inapata intaneti bila waifai. Sisi wa mpakani tuangalie kwanza simu imeshika mtandao gani. Ikinasa wa Nakonde, bando la Tanzania halisaidii na roaming inaweza kukukomba salio. Chagua mtandao wako mwenyewe kwenye settings. Baada ya hapo fungua "Additional Drivers", chagua ya Broadcom, bonyeza "Apply Changes", zima na uwashe. Ikigoma, andika sudo apt update, halafu sudo apt install bcmwl-kernel-source.

Na kama waifai ilikuwa inafanya kazi ikapotea baada ya sasisho, mara nyingi ni kernel mpya. Wakati wa kuwasha gusa Esc (mashine nyingine ni kushikilia Shift), ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua kernel ya nyuma. Ikirudi, umeshajua mchawi nani.

Sisemi Ubuntu inamfaa kila mtu. Kama programu yako ya stoo inafanya kazi kwenye Windows tu, baki huko, sibishani. Ila uhame kwa hiari yako, siyo kwa sababu fundi hajui kusoma mstari mmoja wa lspci.

Ukipeleka mashine kwa fundi, kopi mafaili yako kwenye flashi kwanza, halafu mwambie akuandikie jina la kadi kwenye karatasi kabla hajagusa kitu. Akishindwa kuliandika, chukua laptop yako uondoke.