Mgongo wa Mtoto Usisubiri

Mtoto wa miaka tisa anayemeza prednisoloni kwa ajili ya figo akilalamika mgongo, mara nyingi huondoka kliniki na paracetamol na onyo la kuacha kubeba begi zito la shule. Tunasema hilo halitoshi. Mtoto huyo apigwe eksirei ya uti wa mgongo kwa ubavu, na apigwe siku hiyohiyo.

Osteoporosisi, yaani mifupa kupungua hadi kuvunjika kwa jambo dogo, tumeizoea kama ugonjwa wa bibi aliyepinda mgongo. Watoto nao wanaugua. Wapo wanaozaliwa nao kwa sababu ya hitilafu ya kurithi katika kolajeni, ile protini inayoshikilia mfupa, na baadhi yao utawatambua kwa weupe wa jicho wenye rangi ya buluu. Wazazi wao hubeba mzigo wa pili: mtoto akifungwa P.O.P mara ya tatu, majirani huanza kunong'ona kwamba nyumbani anapigwa. Wengine huupata baadaye: mwenye saratani ya damu, mwenye mtindio wa ubongo asiyetembea, na hasa anayetumia dawa za steroidi, kama prednisoloni, kwa miezi mingi. Steroidi zinaokoa maisha, hatuzipingi. Lakini zinadhoofisha seli zinazojenga mfupa, na pingili za mgongo ndizo huumia kwanza.

Ubaya ni kwamba pingili hubonyea kimyakimya. Nchini Kanada, watafiti waliwapiga picha watoto waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na saratani ya damu, wakakuta asilimia 16 tayari wana pingili zilizovunjika. Baadhi yao hawakuwa wamelalamika mgongo hata kidogo. Anayesubiri mtoto alie ndipo ampime, atachelewa.

Kuna kisingizio tunachotaka kukiondoa mezani: kwamba hospitali haina mashine ya DXA ya kupima msongamano wa mifupa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 uko wazi. Pingili moja tu iliyobonyea bila ajali kubwa na bila ugonjwa mwingine mahali hapo inatosha kumtambua mtoto kuwa na osteoporosisi. Eksirei ya kawaida inaionyesha. Tena kipimo cha DXA peke yake, bila historia ya kuvunjika, hakitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa huu.

Dawa kuu ni za kundi la bisfosfoneti: pamidroneti na asidi ya zoledroniki kwa dripu, risedroneti na alendroneti kwa vidonge. Mfupa hauishi kuchimbwa na kujengwa upya. Dawa hizi huwazuia wachimbaji, wajenzi wakapata nafasi. Kwa mtoto anayekua faida ni kubwa zaidi, kwa sababu pingili iliyobonyea inaweza kurudia urefu wake. Mtu mzima hana bahati hiyo, na kijana aliyemaliza kukua hana tena. Ndiyo maana tunahesabu miezi.

Ushahidi upo, ingawa si wa kupigia vigelegele. Mwaka 1998 madaktari wa Montreal waliripoti juu ya watoto 30 wenye mifupa dhaifu ya kuzaliwa waliopewa pamidroneti. Mivunjiko ilipungua kwa wastani wa 1.7 kwa mwaka, maumivu yakatulia, na 16 kati yao wakaweza kujimudu zaidi. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2013 jaribio la risedroneti lililokuwa na kundi hilo lilionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 31 ya waliopewa dawa walivunjika, dhidi ya asilimia 49 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo dawa inasaidia. Haimgeuzi mtoto kuwa chuma.

Wala si dawa ya kutolewa kwa pupa. Hatari inayotutisha zaidi katika mazingira yetu ni kumtundikia dripu mtoto ambaye tatizo lake ni upungufu wa vitamini D, ule unaoleta matege. Kalsiamu ya damu inaweza kushuka ghafla, mtoto akakakamaa mikono au akapata degedege. Kwanza apimwe, vitamini D na kalsiamu zirekebishwe, figo na meno vikaguliwe. Mzazi naye aambiwe mapema kwamba baada ya dripu ya kwanza homa, kutapika na maumivu ya mwili ni kawaida na huisha ndani ya siku chache. Asipoambiwa, hatamrudisha mtoto kwa dripu ya pili. Denosumabu, sindano inayotumiwa sana kwa wazee, si ya kuikimbilia: kwa watoto, dozi inapoisha nguvu, kalsiamu imewahi kupanda hadi kiwango cha hatari.

Asidi ya zoledroniki si dawa ngeni. Hospitali za saratani duniani kote huitumia kwa wagonjwa ambao saratani imefika kwenye mifupa, hataza yake ilikwisha muda, na watengenezaji ni wengi. Kwa mtoto, kwa kawaida hutolewa mara moja kila miezi sita, dripu ya kama nusu saa. Kikwazo ni karatasi: katika nchi nyingi imesajiliwa kwa watu wazima, hivyo mfuko wa bima hupata sababu rahisi ya kugoma kulipa. Wizara za afya zitoe mwongozo wa watoto, na mifuko ya bima ilipe pale daktari bingwa wa watoto anapothibitisha. Gharama ya kumfunga P.O.P kila mara, na ya mtoto kukosa shule, inalipwa tayari; inalipwa na mzazi.

Kwako mzazi: mtoto wako akiwa ametumia prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi, au akivunjika mfupa mrefu zaidi ya mara moja kwa kuanguka kwa kawaida, mwombe daktari picha ya mgongo kwa ubavu. Prednisoloni usiiachishe mwenyewe. Kuikatisha ghafla kunaweza kumuua.