Kwa nini mbwa weusi huathirika zaidi na saratani ya vidole?

Mbwa anaanza kuchechemea. Mwenye mbwa anainua mguu, anauangalia, anaona ukucha mmoja umevimba pembeni au umevunjika na unatoa majimaji. Anadhani amekanyaga mwiba. Daktari wa mifugo anatoa dawa ya kuua bakteria, uvimbe unapungua kwa siku chache, kisha unarudi. Anapewa dawa nyingine. Wiki zinapita, na siku kidole kinapopigwa eksirei, picha inaonyesha kwamba mfupa wa ncha yake umeshaanza kuliwa.

Madaktari wa mifugo wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaijua vizuri hadithi hii. Wanajua pia jambo jingine ambalo kwa muda mrefu halikuwa na maelezo: mara nyingi mbwa huyo ni mweusi.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya seli bapa, yaani saratani inayoanzia kwenye seli za ngozi, hapa zile zilizo chini ya ukucha. Kati ya uvimbe wenye madhara unaoota kwenye vidole vya mbwa, huu ndio unaoonekana zaidi, ukifuatiwa na melanoma, ambayo ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Huwapata mbwa wakubwa, kwa kawaida wenye umri wa miaka 9 au 10. Orodha ya walio hatarini zaidi inajirudia katika tafiti za nchi tofauti: Giant Schnauzer, Standard Poodle, Briard, Gordon Setter, Kerry Blue Terrier, Rottweiler, na Labrador mweusi. Ukiwapanga mbwa hao mstari mmoja utaona wanatofautiana kwa karibu kila kitu, umbo, kazi na nchi walikotoka. Kinachowaunganisha ni manyoya ya rangi nyeusi au ya kukoza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili linashangaza kidogo. Sisi tumezoea kuisikia saratani ya seli bapa kwa upande wa pili kabisa: ndiyo saratani ya ngozi inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino nchini Tanzania, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na jua. Paka weupe nao huipata kwenye ncha za masikio kwa sababu hiyohiyo. Iweje basi kwenye vidole vya mbwa weusi ndio wawe hatarini? Jua haliwezi kuwa jibu.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2013, pale watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa jenomu nchini Marekani, katika maabara inayoongozwa na mwanasayansi Elaine Ostrander, walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu Standard Poodle. Waliwalinganisha mbwa weusi 31 waliougua na weusi 34 wasiougua, ambao hawakuwa na undugu wa karibu. Tofauti ilijitokeza kwenye kromosomu ya 15, katika eneo la jeni iitwayo KITLG. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayozisaidia seli za rangi kuishi na kusambaa mwilini.

Jeni yenyewe haikuwa imeharibika. Kilichoonekana ni kipande cha vinasaba kilicho jirani nayo, kinachodhaniwa kuongeza nguvu ya utendaji wake, ambacho kwa baadhi ya mbwa kimejirudia mara nyingi. Fikiria mapishi yaliyoandikwa "ongeza chumvi" mara nne badala ya mara moja. Mapishi ni yaleyale, ila chakula hakitakuwa kilekile. Mbwa wenye nakala nyingi za kipande hicho ndio walioonekana kuwa na hatari kubwa.

Hadi hapo mtu angesema kitendawili kimeteguliwa. Lakini watafiti walipowapima Standard Poodle wenye rangi nyepesi, weupe na wa rangi ya krimu, walikuta wanabeba nakala hizo za hatari kwa kiwango kilekile cha weusi, na bado karibu hawaugui kabisa. Walipolinganisha vinasaba vya weusi 24 na wa rangi nyepesi 24, tofauti moja tu ilijitokeza wazi, kwenye jeni nyingine iitwayo MC1R. Hii ni kama swichi: ikifanya kazi, manyoya huweza kuwa meusi, ikizimwa, mbwa hubaki na rangi nyepesi. Inaelekea kuzimwa huko ndiko kunakomkinga. Kwa maneno mengine, mbwa mweupe anaweza kubeba hatari, asiugue maisha yake yote, na akawarithisha watoto ambao wakizaliwa weusi wanaweza kuugua.

Na hapa ndipo suala hili linapotoka kliniki na kuingia kwenye siasa za Ulaya. Kwa miaka kadhaa sasa nchi za huko zinavutana kuhusu ufugaji wa mbwa wanaozaliwa na mateso. Mwaka 2022 mahakama mjini Oslo, Norway, iliamua kwamba kuzalisha mbwa aina ya English Bulldog na Cavalier King Charles Spaniel kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Mahakama ya rufaa ikaliondoa katazo kwa upande wa Bulldog, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikalibakisha kwa Cavalier. Ujerumani tayari ina sheria inayokataza uzalishaji unaosababisha maumivu kwa kizazi kinachofuata. Mei 2024 serikali ilikubaliana juu ya rasimu ya kuikaza zaidi, ila muungano uliokuwa madarakani ukavunjika Novemba mwaka huo kabla rasimu haijawa sheria.

Mjadala wote huo umejengwa juu ya mambo yanayoonekana kwa macho: pua fupi inayomnyima mbwa pumzi, fuvu dogo, miguu iliyopinda. Saratani ya vidole haionekani. Giant Schnauzer mweusi mwenye umri wa miaka 3 anapendeza, anakimbia, anashinda mashindano na kuzalishwa mara kadhaa. Anapougua akiwa na miaka 10, watoto na wajukuu wake wameshauzwa. Sheria inayotazama umbo haitamfikia kamwe.

Kipimo cha vinasaba kinachohesabu nakala za KITLG kipo, na wafugaji wengine wanakitumia. Lakini jaribu kuwaza mfugaji anayegundua kwamba karibu mbwa wake wote wana nakala nyingi. Akiwaondoa wote kwenye uzalishaji, damu iliyobaki itakuwa ya mbwa wachache waliozaliana ndugu kwa ndugu, na magonjwa mengine ya kurithi yatachipuka. Kwa maoni yangu njia ya polepole ina mantiki zaidi: kumpandisha mwenye nakala nyingi na mwenye chache, kizazi baada ya kizazi. Kubadili rangi pia kungesaidia, ila kwa aina kama Gordon Setter, ambayo rangi yake nyeusi na kahawia ndiyo utambulisho wake, vilabu vya wafugaji havitakubali kirahisi.

Rottweiler na Labrador weusi wako pia Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, wakilinda mageti au wakilala sebuleni, na vinasaba havibadiliki kwa kuvuka bahari. Ukiwa na mbwa wa aina hizi aliyefikisha miaka 7 au 8, mkague vidole mara kwa mara, hata katikati ya kucha. Ukucha unaovimba na usiopona baada ya dawa ya kwanza haufai kupewa dawa ya tatu. Omba eksirei, na omba kipande cha nyama kipelekwe maabara.

Kuwahi kuna faida kubwa. Tiba ni kukikata kidole, na mbwa hutembea vizuri kwa vidole vilivyobaki. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliohusu mbwa 117 wenye uvimbe vidoleni, ulionyesha kwamba asilimia 95 ya wale ambao saratani ya seli bapa ilianzia chini ya ukucha walikuwa hai mwaka mmoja baadaye. Ilipoanzia sehemu nyingine ya kidole, walikuwa asilimia 60. Hali ya melanoma ni mbaya zaidi, kwani husambaa mapema hadi kwenye mapafu.

Baada ya upasuaji ukaguzi haukomi. Mbwa mwenye nakala za hatari anazo katika miguu yote minne, na wapo waliorudi kwa daktari mwaka mmoja au miwili baadaye, safari hii kwa kidole kingine.